Ranchi ipi ya kutembelea ukivuka jangwa la Australia: Curtin Springs, Kings Creek au William Creek?

Shemeji yangu alipokuja Adelaide akitokea Dodoma, nilikuwa nimeshampangia ratiba: bahari, kangaruu, maduka. Siku ya pili akanikatisha. "Shemeji, haya yote mazuri, lakini mimi nimekuja kuona ng'ombe." Ana ng'ombe wake Meatu, kila jioni humpigia simu kijana anayewachunga, na alikuwa amesikia kwamba Australia kuna ranchi moja kubwa kuliko mkoa mzima. Basi mwezi wa Julai tukapakia gari, tukashika barabara ya Stuart Highway kwenda kaskazini, tukapita sehemu tatu ambazo msafiri wa kawaida anafika bila kumjua mtu yeyote: William Creek, Curtin Springs na Kings Creek. Tangu turudi, wenzetu wa huku wanaopokea wazazi na wageni kutoka nyumbani wananiuliza swali lile lile. Ukiwa na nafasi ya sehemu moja tu, uende ipi? Haya ndiyo majibu yangu. Mengine ni ya shemeji.

Kwanza jina, lisikuchanganye. Waaustralia ranchi wanaiita stesheni. Mswahili akiona kibao cha stesheni jangwani anatafuta reli, na hatakuta reli. Stesheni ni nyumba ya wenyeji, mabanda, uwanja mdogo wa ndege wa vumbi, mazizi ya mabomba ya chuma, halafu ardhi mpaka macho yachoke.

Kwa mwenye haraka: ukiwa na wazee au watoto na gari dogo, nenda Curtin Springs. Ukiwa na vijana wanaotaka helikopta na ngamia, Kings Creek. Ukiwa na gari la juu, tairi mbili za akiba na moyo wa kukaa kimya, nenda William Creek. Asiye na haraka na aendelee kusoma, maana majibu haya ya mkato yananyima haki sehemu mbili kati ya hizo tatu.

Barabara ndiyo inayoamua kabla yako

Curtin Springs na Kings Creek zote unafika kwa lami. Kutoka Alice Springs, mji wa katikati ya nchi, unashuka kusini kilomita 200 hadi Erldunda, unakata kulia kushika Lasseter Highway, na baada ya kama kilomita 160 Curtin Springs iko kando ya barabara. Ukiendelea kilomita 85 mbele unafika Yulara, mji wa wageni wanaokwenda kuliona jabali la Uluru. Kwa Kings Creek, unaiacha Lasseter Highway katikati na kushika Luritja Road kuelekea kaskazini, lami tupu, hadi karibu na korongo la Kings Canyon. Gari dogo la kukodi linatosha kabisa. Hatari kubwa ya huko ni jioni, saa kangaruu na ng'ombe wanapotoka kusimama barabarani. Ranchi nyingi za huko hazina ua kando ya barabara kuu, na ng'ombe mweusi usiku humwoni mpaka uone macho yake. Sisi saa kumi na moja tulikuwa tumeshaegesha, kila siku.

William Creek ni habari nyingine. Kutoka Coober Pedy, ule mji wa machimbo ya opali ambako watu wanaishi mapangoni kukwepa joto, ni kilomita 166 za vumbi na changarawe. Kutoka Marree upande wa kusini ni kilomita zaidi ya 200 kwa Oodnadatta Track, njia iliyofuata reli ya zamani ya Ghan. Barabara ikikauka inakuwa na mawimbi kama bati la nyumba, unatetemeka mpaka meno. Ikinyesha, hata mvua ya nusu saa, udongo unageuka sabuni na serikali inaifunga njia. Kuendesha kwenye njia iliyofungwa kuna faini, na si ya kuchekesha. Kila asubuhi tazama taarifa ya barabara za jangwani ya jimbo la Australia Kusini kabla hujawasha gari.

Hapa nilifanya kosa la kijinga, nalitaja lisikupate. Gari la kwanza nililikodi kwa furaha ya bei. Usiku wa kuamkia safari shemeji, ambaye husoma kila karatasi kama hakimu, akanionyesha mstari mdogo kwenye mkataba: gari lisiondoke kwenye lami, likiondoka bima imekufa. Asubuhi nikalirudisha na kuchukua lingine la kupanda milima kwa karibu bei mara mbili. Kampuni nyingi za kukodisha zina mstari huo. Uulize kwa mdomo na ujibiwe kwa maandishi.

Mchungaji yuko wapi?

Kama kilomita arobaini tu kabla ya William Creek, shemeji aliniomba nisimame. Kulikuwa na ng'ombe kama thelathini, wekundu, wanono kuliko tulivyotegemea, wanatembea kwa mstari mmoja kwenye kijinjia chao. Hakuna mtu. Hakuna mbwa, hakuna kijana na fimbo. Akazunguka gari, akapanda juu ya bampa, akatazama pande zote nne. "Mchungaji yuko wapi?"

Tukafuata kwa macho walikokuwa wanakwenda. Mita chache kutoka barabarani palikuwa na tangi la maji, birika refu la kunyweshea, na kuzunguka birika hilo zizi la mabomba. Ng'ombe wa kwanza akafika kwenye mlango. Mlango wenyewe ni mabomba marefu mawili upande huu na mawili upande ule, yamekuja kukutana kwa ncha kama vidole vya mikono miwili iliyoelekezwa mbele. Akasukuma kwa mabega, mabomba yakafunguka yakilia, akapita, yakajirudi nyuma yake. Wa pili vile vile. Wakishakunywa hawawezi kurudi kwa mlango ule, maana ncha zinawaelekea usoni. Wanatokea mlango wa pili, upande wa pili, uliojengwa kwa kinyume.

"Ni mgono," shemeji akasema. Ule mtego wa samaki wa matete, samaki anaingia kwa raha, kutoka hawezi. Akacheka peke yake muda mrefu.

Ndivyo ilivyo. Siku za kawaida milango yote miwili inafanya kazi, ng'ombe wanazoea kuingia na kutoka. Siku ya kukusanya mifugo ikikaribia, mwenye ranchi anafunga ule wa kutokea. Jua linafanya kazi iliyobaki. Ng'ombe kwenye joto anaweza kunywa lita hamsini na zaidi kwa siku, na mara nyingi hatoki zaidi ya kilomita tano hadi kumi kutoka kwenye maji, kwa hiyo mwenye maji ndiye mwenye ng'ombe. Maji hayo hayatoki mbinguni. Sehemu hii iko juu ya Bonde Kuu la Maji ya Chini, hifadhi ya maji ya ardhini iliyoenea kwa zaidi ya moja ya tano ya bara lote la Australia. Kwingine maji hujitokeza yenyewe kama chemchemi zinazobubujika katikati ya chumvi, kwingine huchimbwa visima virefu na maji hupanda yakiwa ya moto. Vinu vya upepo vya zamani bado vimesimama, lakini siku hizi pampu nyingi ni za sola.

Hayo ndiyo niliyokwenda kuyaona bila kujua. Nasema wazi kwamba katika zile sehemu tatu, ni hapa kando ya barabara ya vumbi, bila tiketi wala mwongozaji, tuliposimama muda mrefu zaidi. Ila adabu moja: usiegeshe karibu na birika, wala usipige hema pale. Wale walio nyuma walituona, wakasimama mbali wakitutazama na kiu yao. Tulipoona hivyo tukasogea nusu kilomita, ndipo wakaja.

William Creek na ile ranchi kubwa kuliko zote

Kijiji chenyewe hesabu ya watu wake ni ya vidole. Hoteli ya mbao na mabati, ambayo pia ndiyo baa na duka, kituo cha mafuta, uwanja wa hema na uwanja wa ndege. Kila upande ukitazama ni Anna Creek, ranchi ya ng'ombe inayotambulika kuwa kubwa kuliko zote duniani, zaidi ya kilomita za mraba 15,000. Mkoa wa Kilimanjaro unaingia wote ndani na unabaki na nafasi ya kuchungia. Ilikuwa mali ya kampuni iliyoanzishwa na Sidney Kidman, tajiri wa ng'ombe wa enzi hizo, hadi ilipouzwa kwa familia ya Williams mwaka 2016. Kabla ya hapo serikali ilikataa isiuzwe kwa wageni, kwa sababu sehemu kubwa yake iko ndani ya eneo la majaribio ya kijeshi la Woomera.

Sasa sikiliza, maana hapa watu hukosea. Anna Creek haiko wazi kwa watalii kama mbuga. Huendi kugonga mlango. Unaiona ukiwa barabarani, au unaiona kwa ndege. Ndege ndogo zinaruka kutoka William Creek kwenda Kati Thanda, yaani Ziwa Eyre, na juu ya vilima vyenye rangi vilivyomo ndani ya ranchi yenyewe, ambavyo mgeni hawezi kuviona kwa njia nyingine. Kati Thanda ni sehemu ya chini kuliko zote Australia, kama mita 15 chini ya usawa wa bahari, na miaka mingi ni chumvi nyeupe tu. Maji yakija kutoka mafuriko ya Queensland, kama yalivyokuja mwaka 2025, ndege wa maji wanafika kwa maelfu na bei ya viti inapanda nao. Wenyeji wa asili wa ziwa ni Waarabana, waliotambuliwa kisheria mwaka 2012, na wanaomba watu wasitembee juu ya kitanda cha ziwa. Juu angani unatosheka.

Kutoka juu, shemeji aliona kitu ambacho mimi ningekipita: vijinjia vya ng'ombe vikitoka kila upande na kukutana kwenye nukta moja, kama miale ya jua aliyochora mtoto. Kila nukta ni birika. Akazihesabu mpaka rubani akageuza.

Ukitokea Coober Pedy utavuka pia ua wa dingo, yule mbwa wa porini wa Australia, waya mrefu wa karibu kilomita 5,600 unaokata nchi. Kusini ya ua ni nchi ya kondoo, kaskazini ni ya ng'ombe, kwa sababu dingo anamaliza kondoo lakini kwa ng'ombe mkubwa anafikiri mara mbili. Simama pale upige picha, kisha endelea. Hakuna kingine.

Curtin Springs, mahali pa kukaa na kuuliza

Kutoka Coober Pedy hadi Erldunda ni karibu kilomita 490 za kuchosha, halafu ndiyo Lasseter Highway. Kabla tu ya Curtin Springs, upande wa kushoto, linatokea jabali jekundu kubwa, juu bapa kama meza. Kila gari linasimama, kila mtu anapiga kelele "Uluru!" Si Uluru. Ni Atila, kwenye ramani Mount Conner, na liko ndani ya ranchi. Shemeji alishatuma picha nyumbani kabla sijamwambia. Aliiacha vile vile, akasema nani atajua.

Curtin Springs ina zaidi ya kilomita za mraba 4,100. Chukua Unguja na Pemba pamoja, halafu ongeza. Familia ya Severin iliingia hapa mwaka 1956, mume, mke, mtoto mdogo na ng'ombe 1,500, na inasimuliwa kwamba mwaka wa kwanza mzima waliona wageni sita tu. Halafu ukaja ukame mrefu. Utalii ulipoanza kwenda Uluru, barabara ikawa inapita mlangoni kwao, na chakula na malazi ya wapita njia vikawa mkono wa pili wa kuwavusha kiangazi. Hadi leo familia ile ile ndiyo yenye ranchi na hoteli, na ng'ombe bado ni kazi.

Kwa nini nawapeleka hapa wazee na watoto? Kwa sababu hapa watu wanazungumza. Unaegesha, unakunywa chai chini ya kivuli, na mtu aliyevaa buti zenye vumbi la kweli anapita. Ukimuuliza swali la maana anasimama. Shemeji aliuliza ekari ngapi kwa ng'ombe mmoja, akajibiwa kwa ishara ya mkono ikizunguka upeo wote wa macho. Nchi hii ya kati ekari mia moja na zaidi kwa kichwa kimoja ni kawaida. Yeye kwao wanagombana na jirani kwa ekari mbili.

Kwenda kwenye Atila lazima uwe na mwongozaji wa ranchi, hakuna kujipeleka. Safari hizo hupita pia kwenye maziwa ya chumvi, na hapo katikati ya njia ndipo utaona ranchi kwa ndani: mageti, visima, mazizi. Weka nafasi mapema.

Lakini kilichonishangaza mimi ni karatasi. Ndani ya machinjio ya zamani ya ranchi, palipokuwa pakitundikwa nyama, sasa wanatengeneza karatasi kwa mkono kutokana na nyasi za pale pale. Wanakata nyasi, wanazichemsha, wanazisaga mpaka ziwe uji, wanazamisha fremu yenye wavu, wanainua, maji yanachuruzika, na kwenye wavu linabaki tabaka jembamba lenye vipande vya mabua vinavyoonekana. Nyasi ya kila aina inatoa karatasi yake, nyingine laini, nyingine ngumu kama ganda. Niliposhika moja niliona bua zima la nyasi limelala katikati, refu kama sindano ya kushonea magunia. Nilikuwa nimekwenda nikidhani nyasi za jangwa ni nyasi tu. Ng'ombe wanajua tofauti, na hao watengeneza karatasi wamejifunza kwao.

Upungufu wake? Hutaona lazima kazi ya ng'ombe. Tulilala siku mbili, ng'ombe tuliowaona kwa karibu hawakufika kumi. Ranchi kubwa hivi, ng'ombe wako kilomita arobaini kutoka ulipo wewe na kikombe chako.

Kings Creek: ngamia na injini

Kings Creek ni ndogo kidogo, kama kilomita za mraba 1,800, yaani Unguja na ziada. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Ian na Lyn Conway kwenye ardhi ambayo haikuwa na kitu, na kilichoitangaza ni ngamia. Walikuwa wakikamata ngamia wa porini na kuwauza hadi nje ya nchi. Ngamia Australia? Ndiyo. Waliletwa tangu karne ya 19 kubeba mizigo ya jangwani, pamoja na waongozaji walioitwa wote "Waafghani" ingawa wengi walitoka Baluchistan na sehemu nyingine za India ya Waingereza. Mtu wa pwani atatabasamu: Mabulushi hao hao tunaowajua Zanzibar na Mombasa, upande mwingine wa bahari walikuwa wakivuka jangwa. Kule Marree walijenga msikiti wa udongo na mitende, na ukipita mji huo leo utaona mfano wake uliojengwa upya. Malori yalipokuja, ngamia wakaachiwa, wakazaana.

Sasa ranchi imeshabadilisha mikono na mwelekeo wake ni utalii zaidi ya zamani. Kuna helikopta, kuna pikipiki za magurudumu manne, kuna mahema ya kifahari, kuna baga ya nyama ya ngamia ambayo shemeji aliila akisema ni ng'ombe mzee aliyekataa kufa. Mimi niliipenda. Kutoka hapo hadi Kings Canyon ni chini ya kilomita arobaini, na matembezi ya ukingoni mwa korongo, kilomita sita za kupanda na kushuka, ndiyo sababu halali ya kulala hapa. Siku za joto huruhusiwi kuanza matembezi ukichelewa asubuhi, kwa hiyo kulala karibu kuna maana.

Kwa mtu aliyekuja kuona kazi ya mifugo, je? Nitasema ukweli: inategemea bahati. Siku yetu ya pili kulikuwa na ng'ombe wachache zizini, wenye hereni za kielektroniki masikioni, zile zilizozua mjadala mkubwa kwetu Tanzania. Hapa kila ng'ombe anayehamishwa lazima awe nayo, ndiyo hadithi yake yote kutoka kuzaliwa hadi machinjioni. Shemeji alishika uzio akaangalia muda mrefu. Hakusema kitu, ila usiku aliniuliza bei ya hereni moja.

Lini uende, na ufanye nini ukifika

Kiangazi cha huku, Desemba hadi Februari, usijaribu. Joto linapita nyuzi 40 na nzi wanakuingia hadi kwenye sala. Kati ya Mei na Agosti mchana ni mwanana, usiku unaweza kushuka chini ya sifuri. Beba blanketi zito hata kama unasema wewe ni wa Makete. Miezi hiyo hiyo ya baridi ndiyo ranchi nyingi hukusanya ng'ombe, kwa helikopta ndogo za viti viwili, pikipiki na mbwa, kwa hiyo uwezekano wa kuona vumbi la kundi likija ni mkubwa, na pia uwezekano wa kuambiwa leo hatuna muda na wewe. Usichukie. Malori ya ng'ombe yameshapangwa, na lori likikosa siku yake hasara ni ya mwaka. Malori yenyewe ni yale ya trela tatu, urefu hadi mita 53.5. Ukiliona linakuja kwenye njia ya vumbi, toka pembeni, simama, funga vioo, subiri mpaka uone mbele tena.

Geti ulikute vipi uliache vivyo hivyo: lililofungwa ulifunge, lililo wazi liache wazi, hata kama moyo unakwambia mwenyewe amesahau. Huenda hilo geti wazi ndilo njia ya ng'ombe kwenda kwenye maji pekee ya upande ule. Chakula cha njiani kipo kote kutatu, pamoja na mafuta, vyote kwa bei ya jangwani. Mwenye kula halali abebe vyake kutoka Adelaide au Alice Springs. Mtandao wa simu unakatika kwa mamia ya kilomita, mwambie mtu wa nyumbani ulipo na unapokwenda.

Jambo moja zaidi kuhusu hadithi utakazoambiwa. Nyingi huanza na Mzungu aliyefika mwaka fulani. Kabla yake palikuwa na watu, na baada yake kazi yenyewe, kupanda farasi, kutafuta maji, kupiga chapa, ilifanywa kwa miongo mingi na Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wengi kwa mgawo wa unga, chai na sukari. Mwaka 1966 wafanyakazi wa Kigurindji wakiongozwa na Vincent Lingiari waliondoka kwa pamoja kwenye ranchi ya Wave Hill, kaskazini zaidi ya njia hii, wakidai kwanza mishahara na baadaye ardhi yao. Mwaka 1975 waziri mkuu Gough Whitlam alimmiminia Lingiari udongo mkononi. Ukiwa na siku moja ya ziada karibu na Kings Canyon, tafuta matembezi yanayoongozwa na Waaborijini wenyewe. Mtu atakuonyesha mdudu aliyemo ndani ya mzizi na utajua kwamba nchi unayoiita tupu ina ghala.

Basi uchague vipi

Ningekuwa nampeleka mama yangu: Curtin Springs usiku mmoja, Uluru siku mbili, basi. Ningekuwa na wapwa zangu wa kidato cha nne: Kings Creek, na ningelipia helikopta nikiwa nimefumba macho. Mfugaji kama shemeji, au mtu yeyote aliyewahi kushika fimbo akiwa mdogo, nampeleka William Creek, tena kwa njia ndefu ya Marree akipata muda, asimame kwenye birika la kwanza alionalo kwa mbali na azime injini. Zote tatu kwa safari moja zinataka siku kumi kutoka Adelaide na kurudi. Sisi tulitumia tisa na tukachoka.

Siku ya kurudi mtandao wa simu uliporudi pale Erldunda, shemeji alishuka kabla hata sijazima gari, akapiga Meatu. Nilikuwa nikijaza mafuta nikamsikia akieleza mlango wa mabomba, jinsi unavyofunguka na kujirudi, mgono kabisa, jinsi ng'ombe wanavyojipeleka wenyewe. Kijana akauliza usiku analala nao nani.

"Hakuna," shemeji akasema.

Kimya kidogo kwenye simu. Kisha kijana akaanza kutoa taarifa ya siku tatu: yule mweusi mwenye baka kazaa, ndama jike, yuko salama, na jana wamekwenda kunywa mbali kwa sababu lambo limeanza kukauka.